Zimejaa kwa Wanaotoka Iwasedani

Hapa Japani kampuni ikikukataa haikuambii imekukataa. Inakuombea. "Tunakuombea mafanikio mema huko uendako," wanaandika mwishoni mwa barua pepe, na hapo unajua mambo yameisha. Wanafunzi wenyewe husema hivyo hivyo: jana nimeombewa, fulani kaombewa mara mbili kwa siku moja. Kufikia Juni ya mwaka wangu wa tatu nilikuwa nimeombewa mara kumi na tisa. Maombi yale yangekuwa yanafika popote, saa hizi ningekuwa mtakatifu.

Jina langu Uyanga. Kwetu ni Darkhan, Mongolia, na nasoma kompyuta katika Chuo cha Iwasedani, kwenye pwani ya upande wa pili, ile isiyopigwa picha. Usijisumbue kukitafuta kichwani. Hata watu wa Osaka, saa tatu tu kwa treni, wakisikia jina hilo huuliza kama ni bafu la maji moto. Ndicho chuo kilichonipokea, na sikionei haya. Walimu wananijua kwa jina, na chumba cha kompyuta hakina foleni.

Mwaka ule nilikuwa nataka kitu kimoja: nafasi ya mafunzo kazini Hoshimado, Tokyo. Wiki mbili za Agosti, watu ishirini na wanne tu, na wanaofanya vizuri huitwa kazini kabla hata hawajamaliza chuo. Hoshimado wanatengeneza programu za ratiba za mabasi na treni. Mimi nilikuwa nimetengeneza peke yangu programu ya basi la mji wetu, lile moja linalopanda milimani, ili wazee waone kwenye simu limefika wapi badala ya kugandia kituoni kwenye theluji. Wazee mia nne walikuwa wakiitumia. Nani mwingine wa umri wangu alikuwa na kitu kama hicho? Na nisipopata kazi ya maana kabla ya kumaliza, kibali changu cha kuishi hapa kinakwisha, narudi Darkhan kumsikiliza baba akiuliza kila siku kile chuo kinaitwaje tena.

Ukurasa wa kuomba usaili ulifunguliwa Jumatatu saa sita mchana. Tangu saa tano na nusu nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta chuoni, vidole tayari. Pembeni yangu alikuwa Orito, mwanafunzi mwenzangu, mtoto wa wakulima wa mapeasi wa hapa hapa, ambaye hakuwa anaomba chochote. Alikuja kuniangalia tu. Ilipotimu saa sita nikaingia, nikajaza jina, nikachagua chuo, nikabofya. Siku nane za usaili, kila siku nafasi sita. Penye nafasi huwekwa duara la bluu, palipojaa X nyekundu. Zote arobaini na nane zilikuwa X.

"Zimejaa?" nikasema. "Hata dakika haijaisha!"

"Kwetu huwa zimejaa," alisema Orito, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. "Hata kaka yangu aliona hivyo hivyo. Ndivyo ilivyo, Uyanga-san. Twende tukale."

"Kaka yako akafanyaje?"

"Anauza matrekta."

Sikwenda kula. Nilikwenda ofisi ya ajira ya chuo kwa Bwana Nagoshi. Bwana Nagoshi ni mtu mwema, na wema wake ndio unaonikera. Yeye ndiye anayetufundisha namna ya kuingia kwenye usaili: suti nyeusi, nywele nyuma, bisha hodi mara tatu, kwa sababu mara mbili ni ya chooni. Nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena bila kunitazama.

"Hoshimado ni kubwa mno, Uyanga-san."

"Sikuuliza ukubwa wake, mwalimu. Nauliza nafasi arobaini na nane zimeishaje kwa kufumba na kufumbua."

"Pengine waombaji walikuwa wengi."

"Pengine?"

"Ipo kampuni moja ya maghala hapa mjini," alisema taratibu. "Wanatupenda sana. Kompyuta zao ni za zamani kidogo, lakini wanatupenda."

Nikamshukuru, nikainama kama alivyonifundisha, nikatoka nimefura. Ngazini nikampigia simu Tuguldur. Yeye naye ni wa Darkhan, mtaa wetu mmoja, kanizidi miaka miwili, na anasoma Tokyo kwenye chuo ambacho ukikitaja hata mwenye duka anakutazama upya. Nilimkuta kwenye video anakula khuushuur, zile sambusa bapa za nyama za kwetu, alizokaanga mwenyewe, mafuta mpaka kidevuni.

"Kaka, hebu fungua ukurasa wa Hoshimado uniambie unaona nini."

"Mimi natafuta kazi ya benki, wewe. Mabasi sina habari nayo."

"Fungua tu."

Akafuta vidole kwenye suruali, akafungua, akajaza. Nikamsikia ameacha kutafuna.

"Mbona nafasi zipo kibao? Duara, duara, duara. Jumatano yote iko wazi."

"Rudia."

"We mtoto, umekuwa kiziwi? Jumatano yote. Alhamisi asubuhi imechukuliwa moja."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Kuombewa mara kumi na tisa nilikuwa nimekuvumilia, kwa kuwa nilidhani kuna mtu alinisoma akaniona sitoshi. Kumbe hakuna aliyenisoma. Kuna orodha ya vyuo mahali fulani, na aliye nje ya orodha anaonyeshwa mlango uliochorwa ukutani. Tena wanamwambia zimejaa, ili aende zake akijilaumu kwamba alichelewa.

Nikarudi kwenye kompyuta kuhakikisha, maana mimi siyo mtu wa kulia juu ya jambo ambalo sijalipima. Nilifungua akaunti mpya, jina langu lile lile, kila kitu kile kile, isipokuwa chuo nikaweka cha Tuguldur. Maduara ya bluu yakajaa ukurasa mzima. Nikabadilisha kurudi Iwasedani: X. Nikaweka chuo kingine kikubwa: duara. Kidogo cha kaskazini: X. Nilijaribu vyuo thelathini, nikaandika matokeo kila kimoja, kwa dakika arobaini. Kisha nikakirudisha chuo cha Tuguldur, na mshale ukawa unaelea juu ya Jumatano saa nne asubuhi.

"Bofya hiyo," alisema Tuguldur, ambaye bado alikuwa kwenye simu, sasa akinywa chai. "Ukifika pale watamwona mtu na kazi yake. Nani atakufukuza?"

"Nikiingia kwa jina la chuo chako na nikifaulu, atakuwa amefaulu nani?"

"Wewe, mjinga."

"Hapana. Atakuwa amefaulu mtu wa chuo chako, na kesho Orito akifungua ataona X."

"Orito ndiye nani?"

"Hayakuhusu."

"Uyanga, mdogo wangu, sikiliza. Wewe unataka kazi au unataka ugomvi?"

"Vyote viwili," nikamjibu, na nikaifuta ile akaunti.

Hapa mwanafunzi hapigi simu kampuni. Anaandika, anasubiri, anaombewa, anashukuru. Mimi nilipiga. Nilipitishwa kwa watu watatu, kila mmoja akaniomba radhi kwa kunichelewesha, hadi nikamfikia mwanamke mwenye sauti laini aliyejitambulisha kuwa ni Kurebayashi, msimamizi wa uajiri. Nikajitambulisha, chuo na jina, kisha nikauliza kama nafasi za usaili zipo.

"Tunasikitika sana. Zimejaa zote."

"Zimejaa kwa wote, Kurebayashi-san, au zimejaa kwa sisi?"

Nikasikia kibodi ikigongwa.

"Samahani, sijakuelewa vizuri."

"Wakati huu tunapoongea kuna mtu Tokyo anaangalia ukurasa huo huo. Jumatano yote iko wazi. Nimejaribu vyuo thelathini. Kumi na moja vinaona duara, kumi na tisa tunaona X. Ukitaka orodha ninayo hapa, nikusomee?"

"Hapana," alisema haraka. "Hakuna haja. Ngoja niangalie, nitakuandikia."

Baada ya saa moja ikaja barua pepe. Kwa bahati nzuri, ilisema, mwombaji mmoja ameghairi, na nafasi ya Ijumaa saa nane mchana imepatikana kwa ajili yangu. Nilimwonyesha Bwana Nagoshi. Aliinuka kabisa kutoka kwenye kiti chake. Tangu aanze kazi pale hakuna mtu wa Iwasedani aliyewahi kuitwa Hoshimado.

"Ameghairi mtu, bahati iliyoje," alisema.

"Hakuna aliyeghairi, mwalimu."

"Najua," alisema, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Lakini wamekupa mlango wa kupitia bila wao kuaibika. Pita. Ukiwa ndani, sema umebahatika. Nakuomba."

Nilielewa alichokuwa anasema, na sitamdharau kwa hilo. Ndivyo mambo yanavyokwenda hapa: mtu anakutengenezea uongo mdogo, nawe unauvaa ili wote wawili mpite salama. Nikamwahidi nitajitahidi. Siku ile nilikuwa namaanisha.

Ijumaa nilipanda treni ya alfajiri na suti yangu nyeusi. Ghorofa ya kumi na nne walikuwa wamekaa vijana watano wenye suti zile zile na magoti yaliyobanwa vile vile, kila mmoja akimeza maneno yake aliyoyakariri. Nilibisha hodi mara tatu. Ndani kulikuwa na watu watatu: Bi Kurebayashi mwenyewe na daftari lake, Bwana Yagihara, mkuu wa waandishi wa programu, mwenye fulana na nywele zisizochanwa, na katikati mzee mmoja wa mvi wa kurugenzi, Bwana Tokizane, ambaye ndiye aliyekuwa anauliza.

Ilianza vizuri kuliko nilivyoota. Bwana Yagihara alikuwa ameshaipakua programu ya basi kwenye simu yake. Akauliza basi likiingia kwenye handaki na kupoteza mtandao inafanyaje. Nikamweleza jinsi nilivyopanda lile basi mara thelathini na saa mkononi, mpaka nikajua handaki linachukua sekunde ngapi dereva akiwa mzee Hamasuna na sekunde ngapi akiwa mkwewe. Akacheka kweli. Akaniuliza tena, na tena, akasogeza kiti mbele. Nikajiona niko pale Agosti. Nikaliona hadi dawati.

Ndipo Bwana Tokizane akatabasamu, akasema, "Una bahati sana, Uyanga-san. Nafasi hii iliachwa dakika za mwisho. Sasa, tueleze shida kubwa uliyokutana nayo ukiwa mwanafunzi na jinsi ulivyoishinda."

Swali hili huulizwa kila usaili nchi nzima. Watu hujibu ugomvi wa timu ya tenisi, au mgahawa walikoosha vyombo wakajifunza ushirikiano. Mimi nilikuwa na jibu langu la wazee na theluji, limekaa ulimini tayari. Bi Kurebayashi aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo sana, karibu kuniombea kweli safari hii. Ningesema theluji, nafasi ingekuwa yangu. Nalijua hilo leo na nililijua siku ile. Lakini lile neno bahati likanipandisha mori.

"Shida kubwa niliyokutana nayo," nikasema, "ni ukurasa wenu wa maombi."

Nikaeleza yote, polepole, kwa heshima zote za lugha nilizofundishwa, bila kupandisha sauti. X arobaini na nane. Vyuo thelathini, kumi na moja kwa kumi na tisa. Simu. Mtu aliyeghairi ambaye hayupo. "Niliishinda kwa kupiga simu," nikamalizia. "Wenzangu hawakupiga, kwa sababu wameshaamini kwamba huwa wanachelewa."

Bwana Yagihara alimgeukia Bi Kurebayashi. "Ni kweli?"

"Ni utaratibu wa muda mrefu," alisema, akiangalia daftari lake. "Waombaji ni elfu kumi."

"Mimi nilisoma chuo kidogo cha ufundi cha Akita, kaskazini," alisema Yagihara.

Bwana Tokizane alikuwa bado anatabasamu, ila sasa tabasamu lilikuwa limeachwa peke yake usoni. "Asante sana," alisema. "Una swali lolote kwetu?"

"Ninalo moja. Mtu wa Iwasedani akifungua ukurasa ule leo, anaona nini?"

Bi Kurebayashi akafunga daftari lake. Niliinama, nikatoka, nikafunga mlango polepole kama inavyotakiwa.

"Umeichoma nyumba ukiwa bado mlangoni," aliniambia Tuguldur pale stesheni, akininunulia tambi. Alikuwa amekuja kunipongeza. "Walikuwa wameshakupenda, wewe! Ungefunga mdomo ukae ndani, useme ukishakuwa bosi."

"Wangapi waliingia hivyo wakawa mabosi? Wakasema?"

Akanyonya tambi zake. "Kula, zinapoa," alisema.

Baada ya siku kumi nikaombewa. Mara ya ishirini. Nilishinda kitandani siku nzima, nikala wali mtupu, nikamchukia kila mtu, na mdomo wangu zaidi ya wote. Kesho yake nikaamka nikaandika jibu. Barua za namna hiyo hazijibiwi, hata anayezituma hategemei. Niliandika: "Asanteni kwa maombi. Nitaomba tena mafunzo ya majira ya baridi, kwa jina langu na kwa chuo changu. Ile orodha ya vyuo thelathini naiambatanisha, huenda wenyewe hamjawahi kuiona yote pamoja." Nikamtumia Bi Kurebayashi, nakala kwa Bwana Yagihara. Hakuna aliyenijibu.

Ukurasa wa majira ya baridi ulifunguliwa Novemba, Jumanne saa sita mchana. Safari hii sikuwa na Orito peke yake. Habari zilikuwa zimezunguka chuo, na chumba cha kompyuta kilikuwa na watu tisa, kila mmoja na kompyuta yake, wengine hata suti hawana. Bwana Nagoshi alisimama mlangoni akijifanya anapita tu. Ilipotimu saa sita vidole vikaanza kugonga, kisha vikanyamaza vyote kwa pamoja.

"Duara," alisema Orito.

"Hata mimi," alisema msichana wa nyuma yake. "Zote. Jamani, zote."

Bwana Nagoshi aliingia ndani. Alisogeza uso karibu na kioo cha Orito, akayahesabu maduara kwa kidole, kisha akaanza kuyahesabu upya. Watu walikuwa wanacheka ovyo ovyo. Nami nikabofya.

X. X. X. Arobaini na nane, nyekundu tupu.

Nikafunga, nikafungua upya. Nikaingia kwenye kompyuta ya Orito kwa jina langu: X. Akaingia yeye kwenye yangu kwa jina lake: duara. Mmoja mmoja wakaacha kucheka, kadiri walivyoelewa. Chuo walikuwa wamekifungulia. Mimi, mtu mmoja mwenye jina hili, nilikuwa nimefungiwa.

Iliniuma. Sitajifanya jasiri, iliniuma mpaka machozi yakanilenga mbele ya watu tisa na Bwana Nagoshi. Kazi ile nilikuwa naiweza kuliko wote waliokuwa mle ndani, na kila mmoja wao alijua. Halafu, chini ya yale maumivu, nikahisi kitu kingine kinapanda, nacho kilikuwa karibu na kicheko. Kampuni ya ghorofa ya kumi na nne ilikuwa imekaa kikao kwa sababu yangu.

Orito alikuwa ameondoa mkono kwenye kipanya. "Basi na mimi siombi," alisema. "Hatuombi. Wakikutaka wewe ndiyo na sisi tutaomba."

"We Orito, usinitie hasira. Rudi ukae."

"Lakini Uyanga-san..."

"Ukiinuka hapo, nilichopoteza nimekipoteza bure. Mimi nina kampuni kumi na saba zimebaki na simu inayofanya kazi, usinihurumie. Kaa."

Akakaa. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Nichague siku gani?"

"Ya kwanza. Saa nne asubuhi, wakiwa bado hawajachoka."

Akabofya. Duara likageuka kijani, na jina lake likatokea pale, na chini yake, kwa herufi ndogo, Chuo cha Iwasedani. Aliliangalia kwa muda mrefu, mpaka nikampiga kofi la bega apishe.

"Haya," nikawaambia wengine, nikijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Nani anafuata?"